Kidonge cha Mtani Wangu

Mtani wangu alikuwa na mwendo wake. Mabega nyuma, kanga imefungwa juu, mkono mmoja kiunoni, na akifika mlangoni lazima ageuke aone kama unamtazama. Mimi nilikuwa namtazama. Jamani, nilimtazama mwanamke yule miaka mingi kuliko nilivyomtazama mume wangu, na kila nilipomtazama moyo ulikuwa unaniuma.

Yeye alikuwa wa Mtua, mimi nimeolewa Naipingo, kote huko Nachingwea. Ukoo wa baba yangu na ukoo wa mama yake ni watani tangu zamani. Asiyejua utani wa kwetu atashangaa. Mtani anaweza kuingia uani kwako mchana kweupe, akakamata kuku, akaondoka naye anacheka, na ukikasirika wewe ndiye watu watakusema huna adabu. Mtani anakutukana kwenye harusi yako. Ukifa, mtani ndiye anavaa nguo zako na kukuigiza mbele ya waliofiwa, ulivyokuwa ukiongea na ulivyokuwa ukitembea, hadi waliokuwa wanalia wanacheka. Hiyo ndiyo kazi yake.

Tulikutana kwenye benchi la hospitali Nachingwea, miaka ya tisini inaelekea mwisho, msimu ambao wanaume wote walikuwa porini na mabomba ya salfa wakipulizia mikorosho. Mimi nilikuwa na uvimbe kwenye titi. Nilikuwa nimekaa nao bila kusema, nikidhani ni maziwa yameganda, maana mwanangu wa mwisho alikuwa ameacha kunyonya karibuni. Nikasikia mtu amejibwaga pembeni yangu.

"Na wewe umefuata nini huku, mtu wa Naipingo?"

"Titi," nikamwambia.

"La wapi?"

"La kushoto."

"Ala! Hata ugonjwa unaniiga!" Akapiga makofi. "Huna aibu wewe? Langu pia la kushoto."

Nilicheka, na kucheka kule ndiko kulikonifanya nilie. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kwamba naogopa. Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kimoja tu, kuishi hadi yule mtoto wangu afikie umri wa kunikumbuka. Mama yangu mwenyewe simjui kwa sura, nimelelewa na bibi huko Mandawa, Ruangwa, na sikutaka mtoto wangu aje kuuliza watu mama yake alifanana na nani.

Walitupeleka Dar pamoja. Wakati huo daraja la Rufiji halijajengwa, mnangoja kivuko na mbu wanakula wakubwa kwa wadogo. Mtani wangu njia nzima alikuwa anawasimulia abiria kwamba mimi nimemfuata Dar kwa sababu siwezi kukaa mbali naye. Tulikatwa matiti wiki moja. Tukalala vitanda vinavyofuatana, kila mmoja na bandeji yake, kila mmoja na mpira wake wa kutolea maji mwilini, tukiambiana nani amekatwa vibaya zaidi. Hadi hapo, nasema kweli, nilimpenda.

Kisha majibu ya vinyama vilivyopelekwa kupimwa yakaja.

Daktari wetu alikuwa mama wa makamo, mtu wa kusema polepole. Akamwita mtani wangu kwanza. Alitoka na kikopo kidogo cha vidonge na uso umechanua. Kidonge kimoja kwa siku, basi, na mionzi kidogo kwenye kidonda kabla hajarudi nyumbani. Nikaingia mimi nikijua natoka na kikopo changu. Nikaambiwa mimi nitatundikiwa dripu, na nitakuwa narudi Dar kwa dripu hiyo mara nyingi, na nywele zitatoka.

"Mwenzangu kapewa vidonge," nikasema.

"Mwenzako ana saratani yake na wewe una yako."

"Wote ni titi la kushoto!"

Yule mama hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu yangu. Aliniambia kwamba ndani ya kila chembe ya mwili kuna maelekezo tuliyoyarithi kwa baba na mama, yanaitwa vinasaba, na saratani inaanza pale maelekezo hayo yanapoharibika na chembe zinaanza kuzaana bila kusikia. Lakini hayaharibiki kwa namna moja. Ya mwenzangu yameharibika hivi, ya kwangu vile, ndiyo maana moja inakua polepole na nyingine mbio, na dawa inayoisumbua hii, ile haiioni kabisa. "Saratani ya mwenzako inakula homoni za kike," akasema. "Kile kidonge kinaufunga mlango inakopitishia chakula. Ya kwako haina mlango huo. Kidonge kitafunga nini?"

Nilimwitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Moyoni nikasema, nimeshajua, yule ana ndugu yake mkubwa mjini. Amemsemea. Sisi wa Naipingo ambao hatuna mtu ndio wa kutundikiwa.

Ile dripu ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Ikiingia mkononi unaisikia inapanda baridi hadi begani, na ukienda kukojoa unakojoa nyekundu. Nilitapika hadi nikawa natapika hewa. Nywele zilitoka kwa mafungu, nikawa nazikuta kwenye mto kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa. Na huyu mwenzangu, aliyekuwa anangoja kumaliza mionzi yake, yuko pembeni ya kitanda changu amesuka mabutu mapya, anamenya chungwa! Ananimenyea mimi, ndiyo, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini harufu ya lile chungwa hadi leo inanichafua roho.

Na kumeza kwake sasa. Mtu mwingine anameza dawa yake akanyamaza. Yeye alikuwa anakishika kidonge kwa vidole viwili, anakiinua kwenye mwanga, anakiambia, "Haya baba, ingia kazini." Anatupa kichwa nyuma, gu! Kisha anajipiga kofi moja la paja na kuangalia nani kamwona. Wodi nzima inacheka. Mimi nageukia ukutani. Wivu ulinisumbua kuliko kichefuchefu chenyewe. Nilikuwa nawaza, hivi huyu na mimi tumemkosea Mungu tofauti?

Baada ya kila dripu nilikuwa siwezi kurudi kwenye kazi za Naipingo, nikawa napelekwa kwa bibi Mandawa nipate nguvu. Bibi ananikorogea uji wa mtama, ananifukizia chumba, ananisema kwa Kimwera kwamba nilizoea ubishi tangu mdogo na sasa nibishane na hili. Huko ndiko habari zilikuwa zinanifikia. Mtani wako ameonekana sokoni Nachingwea. Mtani wako amecheza ngoma kwenye unyago wa mtoto wa dada yake. Mtani wako anapalilia ufuta! Kila anayekuja kuniona anadhani ananifurahisha. Mimi nilikuwa na kichwa kama kibuyu, kucha zimekuwa nyeusi, na mwanangu alikataa kuja mapajani kwangu kwa sababu hakunitambua. Siku aliyokataa ndiyo siku niliyoamua.

Nilipopata nguvu kidogo nikamwomba mume wangu anipakie kwenye baiskeli hadi Mtua. Tulimkuta uani anapepeta mbaazi. Akaruka, akanikumbatia, akaanza kuimba upara wangu. Nikamwacha aimbe. Nikaingia ndani mwake, nikakiona kikopo juu ya sanduku, nikakichukua, nikatoka nacho nimekiinua.

"Nimetwaa, mtani."

Watu wote wa pale uani wakageuka. Yeye akanitazama. Nilikiona kitu kimepita machoni mwake, kikapita haraka. Angeniambia nini? Utani ni utani. Akaangua kicheko, akazunguka nyuma ya baiskeli ambako mume wangu alikuwa amefunga jogoo wa kupeleka sokoni, akamfungua.

"Nami nimetwaa," akasema. "Kameze, lakini leo mimi nakula wali kwa jogoo."

Nikameza. Nilikiinua kwenye mwanga kama yeye, nikakiambia baba ingia kazini, nikatupa kichwa nyuma. Nilichopata ni joto la ghafla, jasho linanichuruzika usiku kama niko jikoni. Nikasema hiyo ndiyo dawa inafanya kazi. Kumbe wapi!

Safari ya Dar iliyofuata tulikuwa wote tena, mimi kwa dripu, yeye kwa kuangaliwa na kuongezewa vidonge. Na si akamsimulia daktari! Alisimulia kama kichekesho, na jogoo akamtia humo. Daktari akaweka kalamu chini. Nilidhani atanifukuza.

"Kwenu mnalima nini?" akaniuliza.

"Korosho. Mihogo. Ufuta kidogo."

"Mkorosho ukishikwa na ubwiriunga mnapuliza nini?"

"Salfa."

"Na mhogo ukipata batobato, unaupulizia salfa?"

Nikacheka kabla sijajizuia. Nani mwenye akili zake atapuliza salfa kwenye mhogo? Salfa itaishia chini, na mhogo utakufa na batobato yake.

"Basi wewe ndiye umepuliza," akasema. "Shamba moja, mvua moja, ugonjwa unaukausha mti huu na ule. Dawa ni mbili."

Mtani wangu alicheka hadi akashika mbavu. Akauliza kama siku alizokosa vidonge zimemwumiza. Daktari akamjibu hapana, siku chache hazina neno, ila asikose tena, na utani wetu tuuache nje ya kikopo. Nilielewa siku hiyo. Kuelewa ni kitu kimoja. Nilitoka mle ndani nimeelewa kila neno, na wivu wangu ninao vilevile mkononi kama mkoba.

Maana hebu niambieni, kuelewa kunasaidia nini? Mimi ndiye niliyerithishwa ile ya mbio, ile isiyo na mlango. Wangapi kwenye ukoo wetu walikufa na jipu la titi na hatukujua? Mama yangu mwenyewe alikufa na nini, kama si hicho? Mwenzangu kapata ile ya pole, ya kidonge kimoja na chungwa. Hata kwenye saratani kuna waliobahatika!

Dripu zikaisha. Nywele zikaota, laini kama za mtoto mchanga. Mkono wa kushoto ukavimba tangu walipotoa tezi za kwapani, bangili hazipiti, na kutwanga nikawa siwezi. Natwangiwa na binti yangu, yuleyule aliyenikataa mapaja, aliyekua akawa mrefu kunipita. Mtani wangu alikuwa anatwanga mwenyewe. Alikuwa anapita Naipingo akienda mnadani, anapitia kwangu, ananikuta nimekaa kwenye kigogo chini ya dari la kuwekea korosho, ananiambia, "Bado uko hai wewe? Mungu naye mvumilivu." Anachukua anachokitaka, ming'oko, vile viazi vya porini, pilipili, mara moja ndoo nzima ya mabibo. Kisha huyoo, mabega nyuma, mkono kiunoni. Anafika mlangoni. Anageuka. Namtazama.

Miaka yake ya vidonge ikatimia, daktari akamwambia aache. Alifanya sherehe, akapika wali, akakitoboa kikopo cha mwisho na kumfungia mbuzi shingoni kama kengele. Nilikula wali ule na kila punje ilinikwama. Kila mwaka nilipokuwa naenda Dar kuangaliwa, nilikuwa natetemeka tangu Rufiji. Yeye alikuwa anakwenda kama mtu aendaye kununua vitenge.

Daraja likajengwa. Simu za mkononi zikafika hadi kwetu, vijana wakawa wanapanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao. Ndipo nikasikia mtani wangu anaumwa mgongo.

Alisema ni kuchimba ming'oko. Akakandwa, akachanjwa, akapakwa mafuta ya nyonyo. Nilipokwenda kumwona alikuwa anatembea ameshika ukuta. Niseme nilichokihisi? Kitu cha kwanza hakikuwa huruma. Kitu cha kwanza kilisema, kumbe na wewe. Huruma ilikuja nyuma yake inakimbia, na ilipofika ilinikuta nimeshakaa chini nalia.

Nilimsindikiza Dar mimi mwenyewe. Daktari alikuwa yuleyule, mvi zimemjaa. Alitazama picha za mifupa muda mrefu, kisha akatuambia bila kuzunguka. Imerudi, iko mgongoni na kwenye nyonga. Mtani wangu akamuuliza mbona alimeza vyote, hadi cha mwisho. Daktari akasema alifanya vizuri, vidonge vilimpa miaka ile yote. Lakini aina ile ya pole ina tabia ya kujificha. Chembe chache zinalala miaka, na kule kulala zinabadilika, maelekezo yanaharibika upya, na zikiamka kidonge cha zamani hazikisikii tena. Atajaribu kingine. Hakuahidi.

"Na huyu?" Mtani wangu akaninyooshea kidole.

Daktari akanitazama. Akasema ile ya mbio mara nyingi inarudi mapema kama itarudi, na mtu akiivuka miaka ya mwanzo, hofu inapungua sana. Mimi nilikuwa nimeivuka zamani. Nilikuwa nimeivuka natetemeka, na hakuna siku niliyojua kwamba natetemeka bure.

Mtani wangu alinitazama, na macho yale niliyafahamu. Nayajua kama sauti yangu. Ndiyo macho niliyokuwa nageuzia ukutani wodini.

Kidonge kipya kilimsogeza msimu mmoja wa korosho. Nilihamia Mtua siku za mwisho, maana dada yake alikuwa amechoka, na kigogo cha ukutani pale uani kikawa kiti changu. Nilimmenyea machungwa, hakuweza kuyameza, akawa ananusa maganda tu. Alasiri moja aliniambia nimwinue akae.

"Nakuonea wivu, mtani," akasema. "Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu."

"Mimi nilianza," nikamwambia. "Tangu kikopo cha kwanza."

"Nilijua. Unadhani nilikuwa nageukia nini pale mlangoni?" Akacheka, ikamuuma, akashika nyonga. "Wodi nzima ilikuwa ya wagonjwa wamenyamaza. Wewe tu ndiye ulikuwa unanitazama kama vile mimi si mgonjwa, ni mtu anayeishi. Nikasema acha nimkomeshe." Akapumua. "Sasa nisikilize. Kwenye matanga yangu usije ukaniharibia mwendo. Ukikosea nitainuka."

Nikamwambia afe tu, mwendo nitaumudu.

Alikufa siku ya mvua. Tukazika, na baada ya kuzika watu wamejaa uani, vilio havikatiki, dada yake amelala mkekani hanyanyuki. Wazee wa ukoo wakanitazama. Nikaingia chumbani mwake. Nikachukua kanga yake ile ya kwendea mnadani, nikaifunga juu. Mimi na yeye hata tambara la kujazia sidiria tulikuwa tunaliweka upande uleule.

Nikatoka. Nikaokota punje ya mbaazi chini, nikaishika kwa vidole viwili, nikaiinua kwenye mwanga. "Haya baba, ingia kazini." Nikatupa kichwa nyuma, gu, nikajipiga kofi la paja. Dada yake akainua kichwa. Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, kisha uani kote wakaangua. "Ni yeye!" wakawa wanapiga kelele. "Jamani, ni yeye mwenyewe!" Wakanipaka wanja, wakanipa ungo, nikawatukana mmoja mmoja kwa sauti yake. Hakuna hata kitu kimoja nilichohitaji kukumbuka. Vyote nilikuwa navyo, nimeviweka miaka yote ile kwa wivu, hadi namna alivyokuwa anavuta kanga kabla ya hatua ya kwanza.

Nikarudisha mabega nyuma. Nikaweka mkono kiunoni, ule uliovimba, na nikauvuka ua nikienda mlangoni, huku nyuma wanacheka na kulia. Nikafika. Nikageuka kama alivyokuwa anageuka, nione kama ananitazama yule mtu wa Naipingo.

Kigogo changu pale ukutani kilikuwa kitupu.